Barafu Niliyoisingizia

Kasese, Uganda, Jumapili usiku

Umeme umekatika tangu saa moja na simu inakaribia kuzima, kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe. Nataka kuandika usiku huu huu, maana najijua: nikilala, asubuhi nitakuwa nimeshajitetea na kesi imekwisha.

Wiki hii nimefundisha somo moja mara tatu. Jumatano kwa watoto wa darasa la nne katika shule ya msingi ya jirani, Alhamisi kwa vijana wangu wa Senia Tatu (kidato cha tatu), na leo baada ya ibada kwa wazee wa kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwetu. Somo ni mabadiliko ya tabianchi. Nilivyopanga, kazi yangu ilikuwa kupima tu: watoto kijiko, vijana kikombe, na wazee, Mungu anisamehe, nao kijiko.

Jumatano. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, lakini mimi nimekulia katika Kiswahili. Baba alikuja na reli, ile iliyofika hapa mwaka 1956 kuifuata shaba ya mgodi wa Kilembe, na kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli makabila yote yalikutana katika Kiswahili. Watoto wa hapa nao wana shangazi Mpondwe mpakani na wajomba ng'ambo, Kongo, basi wanakielewa. Nikaandika ubaoni TABIANCHI kwa herufi kubwa. Sijageuka, sauti ikatoka nyuma: "Ticha, kwani nchi imeharibika tabia?"

Darasa lilicheka, na mimi nikacheka. Kisha nikaona mtoto amenipa somo ambalo sikuja nalo. Nikamuuliza: rafiki yako akikununia leo, utasema ana tabia mbaya? Akasema hapana, labda hajala. Na akikununia kila siku, mwaka mzima? "Hiyo sasa ndiyo tabia." Basi mvua ya leo ni kununa kwa leo, hiyo ni hali ya hewa. Ukitaka kujua tabia, unamwangalia mtu muda mrefu. Wataalamu wa hewa huangalia miaka 30 hivi ndipo waseme. Tofauti hiyo imenitoa jasho kwa Kiingereza miaka yote ya ualimu wangu, kumbe Kiswahili kilishaiweka ndani ya neno lenyewe.

Ningeishia hapo ningelala vizuri.

Lakini nilikuwa nimeandaa onyesho. Nilikuwa na beseni, ndani yake vijumba vya karatasi, na juu yake jiwe nililolibandika pamba iwe mawingu. Jiwe ni Rwenzori, vijumba ni sisi. Kwa mama anayeuza soda nilikuwa nimechukua mfuko wa barafu, nikaweka vipande vitatu juu ya jiwe, nikawaambia watoto watazame mlima wetu unavyoyeyuka mpaka maji yaingie vijijini. Wakatazama. Jua la dirishani likafanya kazi yake. Barafu ikayeyuka yote, jiwe likalowa, pamba ikalowa, matone machache yakashuka hadi kwenye beseni. Nyumba ya karibu ililowa ukutani kidogo. Basi.

"Ticha, mafuriko yako wapi?"

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua jagi la maji ya bomba, nikasema, "Hii sasa ni barafu nyingi," nikamimina lote. Vijumba vikaelea, watoto wakapiga makofi. Binti mmoja hakupiga. Alikuwa analiangalia jagi.

Alhamisi nikarudia maneno yale yale kwa Senia Tatu, ila wao hawakuniuliza chochote, waliandika. Katika umri ule wanatafuta jibu la mtihani, na ukiwapa sentensi nzuri wanaipigia mstari kwa rula. Nusu ya kipindi niliitumia kuitenganisha tabaka la ozoni na gesijoto, maana kila mwaka wanakuja na imani kwamba joto linaingia kwa tundu la ozoni. (Ozoni huzuia miale ya jua inayounguza ngozi. Kabonidayoksaidi inazuia joto la ardhi lisitoroke haraka kwenda angani. Haya ni mambo mawili, naandika tena hapa labda mmoja wao anasoma.) Nikamalizia na ile sentensi yangu ya kila mwaka: barafu ya Rwenzori ndiyo iliyotuingia nyumbani kwa mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020. Vijana 74 wakaipigia mstari.

Ijumaa usiku macho ya yule binti yalinikatalia usingizi, nikaanza kusoma, safari hii kwa kalamu. Mwaka 1906, yule mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipopanda mpaka kilele cha Margherita, barafu ya milima hii ilitanda karibu kilomita 7 za mraba. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba. Hayo nilikuwa nayafundisha na ni kweli, na kuhusu sababu, wataalamu wamebishana joto limechangia kiasi gani na ukavu wa hewa kiasi gani. Nisichowahi kuuliza ni swali la darasa la nne: maji yenyewe ni mengi kiasi gani? Waliopima Mto Mubuku walikuta kwamba maji yanayotoka kwenye barafu hayafikii hata asilimia 2 ya maji ya mto huo kule chini. Mto wetu ni wa mvua. Mvua ya milimani, mabwawa yenye matope, misitu yenye ukungu. Barafu ni kipande kwenye jiwe.

Nikakumbuka na mengine niliyoyajua lakini sikuwahi kuyapanga pamoja. Moto wa mwaka 2012 uliteketeza mimea ya juu kabisa katika bonde la mto Nyamwamba, na mwaka uliofuata mvua kubwa ikakuta miteremko mitupu, ikashuka na udongo, magogo na mawe makubwa kama nyumba. Mabadiliko ya tabianchi yamo humo, lakini mlango wake si ule niliouonyesha. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Fikiria leso na taulo: ukizilowesha zote mbili kisha ukazikamua, ipi itakujazia kikombe? Onyesho hilo lingenigharimu taulo tu, wala nisingehitaji kudanganya.

Kwa hiyo leo nilikwenda kwa wazee sina hamu. Tulikaa chini ya mwembe, daftari la mikopo likafungwa, nikapewa kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Nilianza na barafu, nikawaambia imepungua vipi, na bibi mmoja akaniambia jina la barafu hiyo kwao, nzururu, nisije nikafika kwao na "theluji" yangu ya Waarabu. Alisema alipokuwa msichana waliiona ikiwa nyeupe hata jioni kabla ya mvua. Niliiandika, ukimpa mzee nafasi, yeye ndiye kumbukumbu ya ile miaka 30, tena mara mbili.

Kisha nikasema: wazazi wangu, nimewafundisha watoto wenu kwamba mafuriko yalitoka kwenye barafu, na nimekosea.

Kimya. Mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini Kilembe akajikohoza. "Mwalimu," akasema, "mjukuu wangu yuko kwako Senia. Nilimwambia usiku ule tulisikia mvua juu huko tangu alasiri, na mto ulishuka unanuka udongo, haukushuka na baridi. Akaniambia, 'Babu, wewe hujasoma, ticha amesema ni barafu.'"

Sikuwa na la kujibu. Nilisema, "Shikamoo, mzee," kama mtu aliyefika sasa hivi, na wote wakaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza hasa. Walitaka kujua kwa nini Uganda, yenye magari machache na viwanda vichache, ilipie moshi wa wengine. Nikawaambia kabonidayoksaidi ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni ya hewa kabla ya viwanda, leo imepita 420, na kwamba sehemu yetu katika ongezeko hilo ni ndogo mno. Hilo halikuwaridhisha, na mimi pia halijaniridhisha. Lakini yule mzee wa mgodi akaturudisha kwenye kingo za mto: nani amelima hadi majini, nani anachota mchanga, nani amejenga pale pale maji yalipopita. Waligombana kwa majina. Mimi ningeogopa kuwaambia hayo, ningeonekana nawalaumu waliopoteza nyumba. Wao kwa wao hawakuogopa.

Kesho saa mbili nina Senia Tatu. Nitawaambia wachukue rula ile ile na wakate ile sentensi. Najua atakuwapo mmoja wa kuuliza, "Tukiulizwa kwenye mtihani tuandike ipi?"

Darasa la nne nilishapita jana asubuhi, kwa bahati walikuwa na usafi wa shule. Nilimtafuta yule binti, nikamwambia jagi halikuwa barafu. "Najua," akasema, anaendelea kufagia. Nikawaachia chupa za plastiki zilizonyooka, nimezikata shingo na kuzichora milimita kwa kalamu ya wino, waziweke uwanjani kwao wapime mvua wenyewe. Leo baada ya mkutano alinikuta njiani, akanionyesha daftari lenye siku moja tu:

"Jumamosi. Milimita 6. Mbuzi ameangusha chupa. Nitaweka mawe."