Kula Bila Ngano katika Safari ya Jahazi Lamu

Mtu mwenye ugonjwa wa seliaki, kama mimi, hana budi kuepuka gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, kwa kuwa hata chembe ndogo huudhuru utumbo mwembamba. Ndiyo maana, kabla ya jahazi kung'oa nanga Shela kuelekea kisiwa cha Manda Toto, nilimtafuta mpishi na kumweleza hali yangu.

Mapishi ya Lamu yananifaa sana: wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mkate wa kumimina unaopikwa kwa mchele. Hatari kubwa, kwa maoni yangu, si mahamri yanayoonekana wazi, bali mafuta yaliyokaangiwa mahamri hayo kisha yakatumiwa tena kwa samaki.

"Usijali, dada, wako nitamkaanga mwanzo kwa mafuta mapya," alinijibu mpishi, akalisugua karai kwa sabuni mbele yangu, kisha akampaka samaki aina ya changu chumvi, ndimu na kitunguu saumu pasipo kumgaragaza katika unga. Viazi karai niliviacha, kwa kuwa wapo wapishi wanaotia unga wa ngano katika rojo lake.

Anayepanga safari kama hii amweleze mpishi siku moja kabla, angali na nafasi ya kununua mchele na viungo sokoni.