Jinsi nilivyotatua chumvi iliyoganda kwenye kichupa

Katika mgahawa wetu mdogo wa Mikindani, mkoani Mtwara, vichupa vya chumvi viliziba kila msimu wa mvua, na wateja walilazimika kuvigonga mezani ili wapate chumvi kidogo ya kutia kwenye samaki. Vya pilipili manga havikutusumbua.

Mwanzoni nililaumu matundu nikayapanua kwa msumari, lakini bonge likabaki palepale. Kisa chenyewe ni unyevu: chumvi safi huanza kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapofika takribani asilimia 75, na chumvi ya bahari ambayo haikusafishwa vizuri hulowa mapema zaidi, kwa sababu ina chumvichumvi za magnesiamu zinazovuta maji. Upepo wa pwani yetu hupita kiwango hicho mara nyingi.

Nilivimwaga vichupa vyote, nikaviosha na kuvikausha kabisa ndani na nje, kisha nikaikausha chumvi kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo sana, kwa muda mfupi, kwani joto kali hupunguza madini joto. Ilipopoa kabisa niliitwanga, nikaijaza robo tatu tu pamoja na punje kumi za mchele uliokaangwa, ambazo hunyonya unyevu na kuvunja mabonge kichupa kinapotikiswa. Vifuniko vya bati vilivyoshika kutu nilivibadilisha kwa vya plastiki. Sasa hakuna anayenyunyiza juu ya sufuria inayofuka mvuke, na jioni vichupa huhifadhiwa kwenye ndoo yenye mfuniko.