HafenCity, bandari iliyogeuka mtaa wa wenye pesa

Mgeni akifika Hamburg, wenyeji humkimbiza Elbphilharmonie, na mimi nimeshaiga tabia hiyo. Ni ukumbi wa muziki uliopandishwa juu ya ghala la matofali lililokuwa likihifadhi kakao, chai na tumbaku. Jiji lilikadiria kutoa yuro milioni 77. Kufikia unafunguliwa Januari 2017, lilikuwa limetoa milioni 789. Miradi ya kwetu ikifura, tusijione peke yetu.

Kunakonivutia zaidi ni chini, mtaani HafenCity. Hapa palikuwa bandari ya jasho mpaka makontena yalipoingia. Meli zikawa kubwa, gati za zamani zikakosa nafasi ya kuyapanga, kazi ikahamia ng'ambo ya pili ya mto Elbe. Mwaka 1997 jiji likatangaza kupafanya mtaa wa ofisi na makazi, hekta 157. Na kwa kuwa pako nje ya ukuta wa kuzuia mafuriko, majengo yameinuliwa juu ya kifusi, mita nane hivi kutoka usawa wa bahari. Sehemu za kuegesha magari huko chini zina milango mizito ya kufungwa maji yakipanda. Winchi chache zimeachwa gatini kama mapambo, watu wanazipiga picha. Ami yangu aliyekuwa kuli Kilindini angeuliza: winchi gani hiyo isiyobeba kitu?

Halafu hayo majina ya mahali, ya mabaharia wa zamani. Magellan ana ngazi zake, Marco Polo zake, na Vasco da Gama ana uwanja wenye goli za basketiboli. Sisi wa Mombasa tulimkataa mwaka 1498, akaenda kupokewa Malindi. Huku wamemkaribisha moja kwa moja. Jina la kuli sijaliona hata moja.

Endelea mashariki hadi Baakenhafen. Siku hizi ni fleti mpya, baiskeli na watoto. Kwenye gati hilo ndipo walipopakiwa askari wa Kijerumani, farasi na silaha, kwenda Namibia katika vita vya 1904 hadi 1908 vilivyowaangamiza Waherero na Wanama. Wageni wangu nawafikisha hapo pia, ingawa wengi huwa wameshachoka na wanaulizia chakula. Binamu yangu yeye aliulizia kodi ya fleti.

Ukija na una saa moja tu, panda treni ya chini ya ardhi, U4, shuka kituo cha HafenCity Universität, uanzie upande huo.