Nifungue sasa, mama?

Leo asubuhi Salim alisimama mlangoni pa banda jipya, tausi jike kamkumbatia kifuani, akaniuliza, "Nifungue sasa, mama?" Kwa adabu kabisa. Adabu hiyo ndiyo inayoniuma.

Mnaosoma humu tangu zamani mnamjua mwanangu. Ndiye aliyelipaka lango rangi bila kumwambia mtu. Siku hizi anaomba ruhusa hata ya kubadilisha maji ya kuku, na najua hasa jioni aliyoanza.

Wale majike wawili wageni tuliwatenga banda la nyuma, mbali na Sultani, tausi dume wetu, na wake zake, mbali zaidi na kuku. Daktari wa mifugo alitaka siku 30, kinyesi kipimwe na dawa ya minyoo itolewe, ndipo waonane na wenzao. Kuku ndio ninaowaogopa. Kuku hubeba minyoo midogo tumboni bila kuonyesha dalili yoyote, na ndani ya mayai ya minyoo hiyo hukaa kijidudu kinachoshambulia utumbo na ini la tausi. Ukija kuona kinyesi cha manjano kama salfa, mara nyingi umeshachelewa. Tausi wangu Malkia alinifia hivyo, mnakumbuka.

Wageni wakawa wanalia kila usiku. Siku ya 9, jioni, Salim akawafungulia. Mmoja alibaki ndani. Mwingine alikatiza uani kwa kuku, akadonoa palepale wanapochakura, kisha akarukia paa la nyumba. Nilimkuta Salim ameshika ndoo, anatazama juu.

"Nimewahurumia, mama. Walikuwa wanalia."

"Huruma yako itaniulia ndege."

"Sawa, mama."

Ni hayo tu. Nimeyarudia nikiwa jikoni, nikiwa kazini, nikiwa kitandani. Kila nikiyarudia nayabadilisha. Mara namwambia, "Njoo tumngoje ashuke." Mara nasema maneno yaleyale lakini kwa sauti ya chini, Zuhura asisikie kaka yake akigombezwa. Ila sikusema hivyo, nilisema vile, na kwa sauti ile. Ndoo aliitua taratibu mno, kama anayeogopa isitoe mlio. "Sawa, mama." Mtoto ambaye siku zote ana jibu.

Jike alishuka mwenyewe alfajiri kwa kuwa mwenzake alikuwa bado bandani anamwita. Wangetoka wote wawili, huenda tusingewaona tena, maana hawakuwa wamepazoea kwetu. Tukaanza kuhesabu upya, siku ya 1, na Salim akawa anaweka alama ukutani kila asubuhi baada ya kuniuliza kama aweke.

Wiki hii nimethibitishwa kazini na mdogo wangu amejifungua salama, Mungu ashukuriwe, lakini ndoo ile haijanitoka akilini.

Leo siku zimetimia na vipimo ni safi. Tuliwahamisha mmoja mmoja, kichwa kimefunikwa kitambaa cheusi ili watulie. Salim aliyabana mabawa kwa mkono mmoja na miguu kwa mwingine. Kishungi kilikuwa kinatetemeka chini ya kitambaa.

"Moyo wake unakwenda mbio, mama. Nifungue sasa?"

"Fungua wewe. Ndege unamshika wewe."

Banda jipya limegawanywa kwa wavu: wageni huku, wenyeji kule, kila upande na vyombo vyake vya chakula. Wataonana hivyo wiki kadhaa bila kugusana. Baadaye nitamtoa mmoja kwanza, mwenzake abaki ndani awe sababu ya kurudi. Sultani alikuja wavuni papo hapo, akautandaza mkia wote na kuutikisa hadi ukachakarika. Wageni wakajibana pembeni, hawakugusa chakula hadi alasiri. Nilikata tamaa kidogo.

Magharibi nikiwa nakunja nguo nikasikia, "Mama! Njoo! Njoo uone!"

Nilitoka bila viatu. Bibi, yule jike wetu mzee asiyehama mahali pake pa kulala kwa lolote, alikuwa ameacha kona yake na kusogea hadi mwisho wa boriti. Upande wa pili wa wavu, kwa kimo kilekile, wageni wawili wamejipanga. Bega la Bibi na la mgeni wa kwanza yameugusa wavu kila moja kwa upande wake. Wote watatu wamefumba macho.

Lakini mchana boriti ya wageni ilikuwa kule ukutani.

"Nani kaisogeza?"

"Mimi. Ulipolala."

Tukakaa chini, tukawatazama mpaka giza likawafunika. Salim aliongea muda wote, habari za mpira, habari za mwalimu, nami sikumkatiza hata mara moja. Sijui lini nimefurahi hivi.

Baba amepiga simu mara mbili leo. Mara zote mbili aliniuliza kama mdogo wangu ameshajifungua, na nilipomjibu mara ya pili alifurahi upya, kama hajawahi kusikia. Kesho nitampigia mimi, mapema.