Kilo nzima ya kalsiamu, na bado vidole vinakakamaa

Siku ya pili baada ya shangazi yangu kufanyiwa upasuaji wa goita, nilimkuta ameshika kikombe cha uji kwa viganja viwili. "Mwanangu, vidole vimegoma," aliniambia, na pembeni mwa midomo alihisi kuchomwachomwa kama kwa sindano. Muuguzi alipomfunga kipimo cha presha na kukijaza upepo, vidole vilinyooka vikabanana, kidole gumba kikaingia kiganjani, na kifundo cha mkono kikapinda.

Kalsiamu katika damu yake ilikuwa 1.7, ilhali kwa kawaida huwa kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita. Ndugu waliokuja kumjulia hali walishauri maziwa na dagaa, na ninawashukuru kwa upendo wao. Hata hivyo, mwili wa mtu mzima una takriban kilo moja ya kalsiamu, asilimia 99 yake ikiwa katika mifupa na meno. Akiba shangazi alikuwa nayo. Kilichokosekana ni amri ya kuifungua.

Amri hiyo hutolewa na tezi za parathiroidi, kwa kawaida 4, ndogo kama punje za mchele, zilizojibanza shingoni nyuma ya tezi dundumio, ile inayovimba na kuwa goita, mahali ambapo ni rahisi kukosa damu wakati wa upasuaji. Seli zake zina vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe, vinavyopima kalsiamu muda wote, na ikishuka hata kidogo, humwaga homoni ambayo hudumu katika damu kwa dakika chache tu. Vipokezi vya homoni hiyo vimo katika mifupa, inayoachilia kalsiamu, na katika figo, ambazo huizuia isipotee kwenye mkojo na pia huamilisha vitamini D ili utumbo ufyonze kalsiamu ya chakula. Ndiyo maana, pamoja na dripu ya kalsiamu iliyopitishwa polepole, daktari alimwandikia vitamini D iliyokwisha kuamilishwa.

Kipokezi kina umuhimu uleule wa homoni yenyewe. Mwaka 1942 Fuller Albright na wenzake, huko Marekani, walieleza habari za wagonjwa wenye kalsiamu ya chini ambao hata walipodungwa homoni ya parathiroidi, miili yao haikuitikia. Leo inajulikana kuwa hitilafu yao iko kwenye njia inayopitisha ujumbe kutoka kwenye kipokezi hadi ndani ya seli.

Kwa shangazi, tezi zilikuwa zimezimia tu. Wiki ya sita kiwango kilifika 2.2, vidonge vikaanza kupunguzwa, naye akarudi kusuka ukili barazani.