Si kila kipele cha sehemu za siri ni ugonjwa

Nilikuwa na umri wa miaka 19 nilipoviona kwa mara ya kwanza: vipele vidogo vyeupe vilivyouzunguka ukingo wa kichwa cha uume mithili ya shanga zilizotungwa kwenye uzi, safu moja chini na safu mbili upande wa juu. Havikuuma, havikuwasha wala havikutoa maji, lakini usiku ule sikupata usingizi. Sikuwa nimewahi kukutana kimwili na mtu yeyote, na bado niliamini kabisa kwamba nimeambukizwa, labda kwa taulo, labda chooni, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kitu cha namna ile kinaweza kuwa sehemu ya mwili wangu mwenyewe.

Siri hiyo niliibeba peke yangu kwa miezi minne. Mwezi wa tano nikanunua dawa ya maji ya kuunguza sunzua za vidole na kuipaka pale kwa pamba iliyozungushiwa kijiti. Jioni ile ile ngozi ilivimba, kesho yake ikachubuka, na kwa zaidi ya wiki moja nilikuwa nikiuma meno kila nilipokwenda kukojoa. Basi kilichonifikisha kwa daktari ni kidonda nilichojitia kwa mkono wangu, wala si vile vipele.

Alikuwa mzee mtulivu. Alivaa glavu, akasogeza taa karibu, akatazama kwa makini bila kusema neno, kisha akanishikisha kioo kidogo ili tutazame pamoja. "Mwanangu, viangalie vizuri," akasema. "Vyote vina ukubwa mmoja na umbo moja, na vyote vimefuata ukingo, hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye mstari. Ugonjwa haujipangi hivi." Kidonda alikitibu, vipele akaviacha vilivyo.

Maneno yake yamenisaidia kuliko maelezo mengi niliyoyasoma baadaye, na ndiyo ninayotaka kumpa kijana anayesoma hapa usiku huku moyo ukimdunda. Vipele vya aina hii, ambavyo madaktari huvifananisha na lulu kwa sababu ya mng'ao wake, kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 1 hadi 2, hujitokeza wakati wa balehe au miaka michache baada yake, na aghalabu hufifia kadiri umri unavyosonga. Ni nyama ya kawaida ya ngozi pamoja na vishipa vidogo vya damu. Haviambukizi, havigeuki kuwa saratani, haviathiri uzazi, na kwa kuwa havitokani na uchafu, hakuna kiasi cha kusugua kitakachoviondoa. Wanaume wengi wanavyo, waliotahiriwa na wasiotahiriwa. Sunzua za sehemu za siri, zinazoletwa na kirusi cha HPV, zina tabia nyingine: moja kubwa na nyingine ndogo, mara nyingi uso wake umekwaruzika kama ua la koliflawa, huota popote zipatapo nafasi, na zinaweza kuongezeka wiki hadi wiki.

Kwenye shina la uume na kwenye mfuko wa korodani kuna vitone vingine, vya rangi ya maziwa au manjano iliyofifia, vinavyoonekana wazi zaidi ngozi inapovutwa. Hizo ni tezi za mafuta ambazo hazikuambatana na unywele, na zimepewa jina la Fordyce, daktari wa ngozi wa Marekani aliyezieleza mwaka 1896. Simama mbele ya kioo, uvute kidogo mdomo wako wa juu kwenye mwanga mzuri. Huenda ukazikuta na hapo, na hapo hazijawahi kukunyima usingizi. Ninachosisitiza ni kwamba zisikamuliwe, kwa maana tezi iliyokuwa salama hupata uvimbe na usaha kwa kuchokozwa.

Kuna pia mstari unaopita chini ya uume, ukashuka katikati ya mfuko wa korodani na kuelekea nyuma. Kwa wengine ni mweusi zaidi ya ngozi inayouzunguka, kwa wengine umeinuka au umepinda upande. Huo ni mshono halisi, uliobaki pale ambapo pande mbili za mwili zilikutana na kuungana ulipokuwa bado tumboni mwa mama. Mimi huuona kuwa kitu cha kustaajabisha, na ninasikitika kwamba kuna wanaodhani ni kovu la jambo baya.

Rangi ya sehemu hizo kuwa nyeusi kuliko mapaja ni kazi ya homoni za balehe. Korodani moja kuning'inia chini kuliko nyingine ni kawaida, kama ilivyo kawaida mfuko wake kujikunja kwenye baridi na kulegea kwenye joto. Vitone vyekundu vilivyoiva au vya zambarau kwenye mfuko huo mara nyingi ni vishipa vya damu vilivyopanuka. Havina madhara, ila vinaweza kuvuja damu vikikwaruzwa, na vikivuja mara kwa mara daktari avione.

Yapo mambo yasiyostahili kungoja. Kidonda chochote, hata kisichouma, kichunguzwe, kwa sababu kaswende mara nyingi huanza na kidonda kimoja kisicho na maumivu, ambacho hupona chenyewe huku ugonjwa ukiendelea ndani. Vivyo hivyo malengelenge yaliyokusanyika na kuchoma, usaha unaotoka kwenye njia ya mkojo, doa jipya linalokua, na uvimbe mgumu kwenye korodani. Govi lililovutwa nyuma likakataa kurudi ni la kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Tena, ngozi isiyo na dosari haithibitishi kwamba mtu hana maambukizi. Hilo hujulikana kwa kupima. Na ukiwa huna dalili yoyote ila hofu tu, nenda vilevile, maana hofu ya miezi mitano ninaijua na simtakii mtu.

Sasa nimevuka miaka 40. Vipele vyangu bado vipo, vimenywea kidogo, vimefuata ukingo ule ule, isipokuwa upande wa kulia ambako safu imekatika na kuacha kijidoa cheupe kilicho laini. Ndipo ile dawa ilipounguza.