Bodi isiyolipa

Desemba hii nimerudi Moshi kama Wachagga wenzangu wote, na swali lililonipokea Kiborloni lilikuwa la baba mkubwa: "Hiyo kazi ya bodi wanakulipa pauni ngapi?" Nikamjibu hawanilipi, wananirudishia nauli ya treni tu. Akanitazama, kisha akamwambia mama aniongezee mbege.

Ninakoishi, Leeds, Uingereza, mimi ni mdhamini, yaani mjumbe wa bodi, wa shirika dogo la hisani linalotunza watu wazima wenye ulemavu. Mashirika ya aina hiyo kule husimamiwa na Charity Commission, na wadhamini wake karibu wote ni wa kujitolea. Mshahara ni wa wafanyakazi, lawama ni zetu. Hesabu zisipoifikia tume hiyo ndani ya miezi 10 baada ya mwaka wa fedha kuisha, ucheleweshaji unaonekana kwenye daftari la wazi mtandaoni, na yeyote mwenye simu anausoma.

Ndugu zangu hudhani nagawa misaada. Sijawahi kubeba hata katoni moja. Kazi yangu ni kuuliza. Zamu ya usiku ina watu wangapi? Meneja akiugua nani anashika? Halmashauri, ambayo kule hulipia sehemu kubwa ya matunzo, ikichelewesha fedha, akiba yetu italipa mishahara kwa miezi mingapi? Wakaguzi wa Care Quality Commission, chombo kinachokagua huduma za matunzo, nao wakija wanataka kumbukumbu za dawa: nani alimpa nani, saa ngapi, sahihi iko wapi.

Wazungu husema nina jicho kali. Jicho lenyewe limenolewa Moshi, kwenye vikoba na kamati za harusi, ambako mweka hazina akisoma "mengineyo, laki mbili" hakai chini mpaka aeleze.

Sasa sikilizeni nililoliona Pasua, hapa hapa Moshi. Kuna mama ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Alipewa kiti cha magurudumu na wasamaria fulani, picha za makabidhiano zikapigwa, nimeonyeshwa. Kiti ni cha mtu mzima, cha kusukumwa kwenye korido za hospitali. Mtoto anaporomokea upande, na vigurudumu vya mbele vinazama kwenye tope. Kiti kipo stoo, juu yake magunia ya mahindi. Mama anambeba mgongoni mpaka kituo cha daladala, waende hospitali ya KCMC kwa mazoezi ya viungo.

Waliokileta walikuwa na nia njema, sina shaka. Lakini nani alimpima mtoto? Spea zingetoka wapi? Nani alipangiwa kurudi kuangalia? Sisi wa ughaibuni tunapenda sana kutuma kontena la misaada, mimi nikiwemo. Kukaa vikao vya kituo kimoja mwaka mzima, kusoma risiti na kugombania bajeti ya fundi wa viti, hatujitokezi.

Baba mkubwa, mhasibu mstaafu wa chama cha ushirika, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kituo cha watoto wenye ulemavu jirani na kanisani kina bodi. Majina yamebandikwa ukutani. Wawili kati yao ni marehemu. Januari anakwenda kuomba nafasi moja na kuangalia vitabu. Nyingine nimeiomba mimi, kwa WhatsApp, ilimradi wasiweke kikao saa za zamu yangu.